Émile Vandervelde, mbunge aliyemsumbua mfalme kwa maswali juu ya Kongo

Jina la mfalme Leopold wa Pili linajulikana mpaka vijijini Maniema. Wazee wanalitaja wakisimulia mambo ya mpira na ya Bula Matari, na watoto wanalikuta katika somo la historia. Jina la Émile Vandervelde halitajwi sana. Lakini huyu Mbeleji, aliyekufa mwaka 1938, alisimama mara nyingi katika Bunge la Brussels akiuliza serkali yake juu ya watu wa Kongo. Wakati ule hakukuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye haki ya kuingia katika bunge lolote duniani kujisemea mwenyewe.

Vandervelde hakuwa na askari, na chama chake hakikuwa kinatawala. Karibu kila mara kura zilipohesabiwa, upande wake ulishindwa. Hata hivyo maswali yake yalisaidia kuvunja ukuta ambao mfalme alikuwa ameuzungusha juu ya nchi hii. Leo kazi ya kuuliza serkali iko mikononi mwa wabunge waliochaguliwa na watu wa Kasongo na Kabambare wenyewe. Ndiyo maana inafaa kujua namna gani mtu mmoja aliifanya kazi hiyo zamani, na alikosea wapi.

Kijana wa mji aliyechaguliwa na watu wa makaa

Émile Vandervelde alizaliwa tarehe 25 mwezi wa kwanza 1866 huko Ixelles, karibu na Brussels. Hakuzaliwa katika umasikini. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu huria cha Brussels, akawa avoka, kisha akaongeza masomo juu ya maisha ya jamii. Angeweza kukaa kimya katika ofisi yake na kula vizuri. Badala yake alijiunga na Chama cha Wafanyakazi wa Ubeleji, chama kilichozaliwa mwaka 1885, mwaka uleule ambao Leopold alitangazwa kuwa mkuu wa Dola Huru la Kongo.

Ubeleji wa siku zile haukuwa peponi kwa masikini wake. Watoto walifanya kazi, na watu wa migodi ya makaa walikufa chini ya ardhi. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wenye mali tu. Ilibidi wafanyakazi wafanye mgomo mkubwa mwaka 1893 ndipo kila mwanaume akapata kura, na hata hapo tajiri na msomi waliruhusiwa kupiga kura mbili au tatu. Wanawake hawakupata kitu.

Mwaka uliofuata, 1894, uchaguzi ulifanyika kwa sheria hiyo mpya. Wasoshalisti walipata viti 28 kwa mara ya kwanza. Kati yao alikuwa Vandervelde, mwenye umri wa miaka 28, aliyechaguliwa Charleroi, nchi ya makaa na viwanda. Alikaa bungeni mpaka kifo chake, tangu mwaka 1900 akiwa mbunge wa Brussels.

Alijua kusema. Lakini wasemaji walikuwa wengi. Kilichomtofautisha ni kwamba alisoma. Alisoma bajeti, gazeti rasmi la serkali, mikataba na hesabu, kisha akaingia bungeni na karatasi mkononi.

Nchi isiyokuwa na wa kuulizwa

Ili kuelewa kazi yake, lazima kuelewa hila ya Leopold. Mwaka 1885 Bunge la Ubeleji lilimruhusu mfalme kuwa mkuu wa dola lingine, kwa sharti kwamba dola hilo litakuwa lake yeye binafsi. Kwa maneno mengine, Kongo haikuwa koloni ya Ubeleji. Ilikuwa nchi nyingine kabisa, ambayo kwa bahati ilikuwa na mfalme yuleyule.

Hila hiyo ilikuwa kali sana. Mbunge akiuliza kwa nini watu wanachapwa fimbo juu ya mpira, waziri anajibu kwamba hayo ni mambo ya dola la kigeni, Bunge la Brussels halihusiki. Akitaka kumuuliza mfalme, katiba inasema mfalme haulizwi, wanaoulizwa ni mawaziri. Na huku Kongo hakukuwa na bunge. Sheria ilitoka kwa mfalme, kodi ilitoka kwa mfalme, faida ilirudi kwa mfalme. Swali lilizunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti.

Maniema ilikuwa ndani ya nchi hiyo ya mfalme. Mwaka 1893 kundi la askari wa Leopold likiongozwa na Francis Dhanis liliteka Nyangwe, kisha mwezi wa nne likaingia Kasongo na kumaliza utawala wa Waarabu na Waswahili waliokuwa hapo tangu enzi za Tippu Tip. Watu wa Kasongo walitoka mkononi mwa bwana mmoja wakaangukia kwa mwingine. Dhanis alikuwa afisa wa jeshi la Ubeleji. Kumbe basi hilo dola la kigeni lilikuwa likitumia maafisa wa jeshi la Ubeleji.

Hapo ndipo palipokuwa na ufa katika ukuta, na watu kama Vandervelde waliuona.

Kutafuta mlango ambao waziri hawezi kuufunga

Maafisa wa Ubeleji waliokwenda Kongo walihesabiwa, kwenye karatasi, kuwa wametumwa katika taasisi ya jeshi inayochora ramani. Waliendelea kuwa watu wa jeshi la Ubeleji. Zaidi ya hapo, mwaka 1890 hazina ya Ubeleji ilimkopesha mfalme franka milioni 25 bila faida kwa ajili ya Kongo, na mwaka 1895 ikaongeza karibu milioni 7. Mkataba wa 1890 uliipa Ubeleji haki ya kuichukua Kongo baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo mbunge hakuhitaji kuuliza moja kwa moja juu ya Kongo. Angeweza kuuliza juu ya afisa wa Ubeleji, juu ya franka ya Ubeleji, juu ya mkataba uliopigwa sahihi na waziri wa Ubeleji. Hayo waziri hawezi kuyaita mambo ya kigeni. Ni kama mtu anayetaka kujua kwa nini daraja limeanguka: akimuuliza mwenye mamlaka kwa nini hapendi watu, atapata hotuba; akimuuliza pesa ya saruji ilitolewa tarehe gani na nani aliipokea, hapo jibu linakuwa gumu.

Chama kilichotawala Ubeleji toka 1884 kilikuwa chama cha Wakatoliki, na wabunge wake wengi walimuunga mkono mfalme. Wenzake wengine wa chama cha wafanyakazi walisema Kongo ni jambo la matajiri, na kwamba mtu wa Charleroi ana njaa yake ya kutosha. Magazeti yaliyomtetea mfalme yalisema wanaopiga kelele juu ya Kongo wametumwa na wafanyabiashara wa Liverpool wenye wivu. Vandervelde alikuwa na rafiki mmoja wa karibu katika jambo hili bungeni, Georges Lorand, mbunge wa chama cha waliberali. Mmoja msoshalisti, mwingine mliberali, lakini swali lilikuwa moja.

Mwaka 1903 mambo yalianza kuwaka. Tarehe 20 mwezi wa tano, Bunge la Uingereza lilipitisha azimio la kutaka mataifa yaliyopiga sahihi mkataba wa Berlin yaangalie kinachotendeka Kongo. Mwaka uleule Vandervelde na Lorand waliita serkali ya Ubeleji ijieleze bungeni. Serkali ilijibu kwa maneno yaleyale ya nchi ya kigeni, kura zikapigwa, serkali ikashinda. Lakini majibu yaliandikwa katika kitabu cha Bunge. Waziri akikataa jambo leo mbele ya watu na likaandikwa, kesho ushahidi ukitokea hana pa kukimbilia.

Waliobeba habari

Mbunge aliye Brussels hawezi kuona kinachotendeka msituni. Nguvu ya Vandervelde ilitoka kwa watu waliobeba habari, na hao walikuwa wengi.

Mmoja alikuwa Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli aliyekuwa akitumwa bandari ya Antwerp. Aliangalia mizigo akaona jambo la ajabu: meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za tembo, zinakwenda Kongo zimebeba bunduki na risasi, na bidhaa za kulipia karibu hazipo. Akaelewa kwamba watu wa Kongo hawalipwi, wanalazimishwa. Aliacha kazi, akaanza kuandika, na mwaka 1904 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kudai mabadiliko Kongo. Alikuwa akipeleka habari kwa Vandervelde. Mwingine alikuwa Roger Casement, konseli wa Uingereza, aliyepanda mto mwaka 1903 kuwasikiliza wanakijiji. Ripoti yake ilitoka mwanzo wa 1904. Na walikuwepo mamisioneri wa Kiprotestanti walioandika barua na kupiga picha.

Leopold alipobanwa alituma tume ya uchunguzi ya watu watatu: Mbeleji Janssens, Mwitaliani Nisco na Mswisi de Schumacher. Walifika mwishoni mwa 1904. Pengine mfalme alifikiri watarudi na maneno matamu. Lakini mbele ya tume hiyo Wakongomani wenyewe walisimama na kusema. Chifu Lontulu wa Bolima alikuja na vijiti 110 akavipanga mezani, kijiti kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa sababu ya mpira, wanaume, wanawake na watoto, akataja majina. Hakujua kuandika, lakini alileta hesabu ambayo karani yeyote angeielewa.

Ripoti ya tume ilitangazwa mwishoni mwa 1905 na ilithibitisha mabaya mengi. Maneno ya mashahidi wenyewe hayakutangazwa. Yalifungiwa katika makabati ya Brussels, na watafiti walikuja kuruhusiwa kuyasoma katika miaka ya 1980, wakati wote waliosema walikuwa wamekwisha kufa.

Siku za mwezi wa pili 1906

Sasa Vandervelde alikuwa na silaha ambayo hakuwa nayo mwaka 1903. Ripoti haikuandikwa na Mwingereza, wala na misioneri, wala na msoshalisti. Iliandikwa na watu wa mfalme mwenyewe. Wakati huohuo profesa Félicien Cattier wa Brussels alitoa kitabu kilichochambua hesabu za Kongo na kuonyesha namna gani sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imetengwa kuwa shamba la taji, na mapato yake kwenda katika majumba na ardhi za mfalme. Brussels penyewe, lile tao kubwa la Cinquantenaire lilizinduliwa mwaka 1905, likijengwa kwa pesa iliyotoka Kongo. Wapinzani walilibandika jina la tao la mikono iliyokatwa.

Tarehe 20 mwezi wa pili 1906 Vandervelde alisimama bungeni na kuanza maulizo yake. Mjadala uliendelea mpaka tarehe 2 ya mwezi wa tatu. Alichofanya kilikuwa rahisi, na ndiyo sababu kilikuwa kigumu kujibiwa. Alichukua ripoti ya tume na kuuliza serkali: maafisa hawa wa Ubeleji waliotajwa, mnasema nini? Pesa hizi za shamba la taji, zinakwenda wapi? Ubeleji ina haki ya kuichukua Kongo, mbona haiambiwi hali ya Kongo ilivyo?

Waziri wa mambo ya nje, de Favereau, na mkuu wa serkali, de Smet de Naeyer, walijaribu kushika njia ya zamani. Safari hii haikutosha. Hata baadhi ya Wakatoliki walikuwa wamechoka kumtetea mfalme kwa macho yaliyofungwa. Mwisho wa mjadala, Bunge liliamua kuanza bila kuchelewa kuchunguza mswada wa sheria juu ya namna ya kutawala koloni, mswada uliokuwa umelala toka 1901. Kwa mtu anayesoma leo, uamuzi huo unaonekana mdogo. Lakini maana yake ilikuwa kubwa: Bunge lilikuwa limekubali kwamba Kongo ni jambo lake.

Leopold alikasirika. Mwezi wa sita mwaka uleule alitangaza kwa maandishi kwamba haki zake juu ya Kongo hazigawanyiki na hakuna mwenye ruhusa ya kuziingilia. Haikusaidia. Mwishoni mwa 1906 mjadala ulirudi. Tarehe 20 mwezi wa nane 1908 Bunge lilipiga kura ya kuichukua Kongo, na tarehe 15 mwezi wa kumi na moja dola la mfalme likafa. Kabla ya kukabidhi, mfalme aliamuru karatasi za Kongo zichomwe. Majiko ya Brussels yaliwaka kwa siku kadhaa. Mtu anayechoma karatasi anajua kwamba ipo siku mtu atauliza.

Kwenda kuona, na kusimama tribinali

Siku Bunge lilipopiga ile kura, Vandervelde hakuwa Brussels. Alikuwa safarini Kongo kwenyewe, toka mwezi wa saba mpaka wa kumi 1908. Chama chake kwa wingi kilipinga Ubeleji kuchukua koloni. Yeye aliona tofauti: kama Kongo inabaki kwa mfalme hakuna wa kuulizwa, ikiwa ya Ubeleji waziri atasimama bungeni kila mwaka kutoa hesabu. Wenzake walimlaumu. Aliandika kitabu juu ya siku za mwisho za lile dola, kilichotoka 1909.

Mwaka huohuo wa 1909 alirudi Kongo kama avoka. William Sheppard, misioneri Mmarekani mweusi aliyefanya kazi Kasaï kati ya Wakuba, alikuwa ameandika namna gani watu wa Kuba walivyoharibiwa na kazi ya mpira. Kampuni ya Kasaï ikamshitaki kwa kuichafulia jina, pamoja na mwenzake Morrison. Morel alimwomba Vandervelde awatetee. Alikubali bila kudai malipo ya uavoka. Msoshalisti asiyekwenda kanisani akasafiri juu ya maji kuwatetea wachungaji wawili. Kesi ya Morrison ilianguka kwa kasoro ya utaratibu. Mwezi wa kumi tribinali ya Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, ilimwachilia Sheppard, na kampuni ikabebeshwa gharama.

Tukio hili linaonyesha upande mwingine wa kazi ya kuuliza. Anayeleta habari anaweza kushitakiwa, kufukuzwa au kutishwa. Mbunge aliyefaidika na habari hizo bungeni alielewa kwamba hawezi kumwacha aliyezileta peke yake.

Aliposhindwa kuuliza

Itakuwa vibaya kumfanya Vandervelde malaika. Hakuwahi kudai wakati ule kwamba Wakongomani wajitawale. Alitaka koloni yenye sheria, yenye waziri wa kuulizwa, yenye ripoti ya kila mwaka kwa Bunge. Mengine ya hayo yalipatikana. Sheria ya koloni ya 1908 iliweka waziri wa Makoloni, wa kwanza akiwa Jules Renkin, na bajeti ya Kongo ikawa inapita mbele ya Bunge la Brussels.

Lakini aliyeuliza na aliyejibu wote walikuwa Wabeleji. Mtu wa Kabambare hakuulizwa kama anataka kuwa wa mfalme, wala kama anataka kuwa wa Ubeleji. Mpira wa damu ulipungua, kazi ya nguvu haikuisha. Katika vita vya 1914 watu wa mashariki mwa Kongo walibebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea Tabora, wengi hawakurudi. Baadaye likaja shamba la lazima la pamba. Bunge la Brussels lilikuwa na wabunge wa kuuliza juu ya hayo, lakini mtu aliyebeba mzigo hakuwa mpiga kura wa yeyote kati yao. Mbunge anayeuliza kwa niaba ya watu wasiompigia kura anaweza kuchoka siku yoyote, na hakuna wa kumlaumu.

Vandervelde mwenyewe alipanda cheo. Vita vya kwanza vya dunia vilimwingiza serkalini. Baada ya vita akawa waziri wa Haki, na mwaka 1919 jina lake likabandikwa kwenye sheria iliyokataza pombe kali katika mabaa ya Ubeleji. Mwaka huohuo alipiga sahihi mkataba wa Versailles kwa niaba ya nchi yake. Toka 1925 mpaka 1927 alikuwa waziri wa Mambo ya Nje. Alijiuzulu uwaziri mwanzo wa 1937 kwa sababu ya kutokubaliana na wenzake juu ya vita vya Hispania. Alikufa Brussels tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 1938, mwenye miaka 72.

Wakongomani walipochagua wabunge wao wenyewe, ilikuwa mwezi wa tano 1960. Toka ile siku, wa kuuliza na wa kujibu ni watoto wa nchi hii.

Swali la leo

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 138, inataja njia za Bunge la taifa na Seneti kuiangalia serkali. Kuna swali la kinywa au la maandishi, kukiwa na mjadala au bila mjadala. Kuna swali juu ya jambo la sasa hivi. Kuna kumwita waziri ajieleze, ile njia aliyoitumia Vandervelde. Kuna tume ya uchunguzi. Na kuna kusikilizwa mbele ya kamati. Bunge la jimbo huko Kindu nalo linaweza kumuuliza gavana na mawaziri wake.

Kati ya hizo, swali la maandishi ndilo linaonekana dogo kuliko yote. Halina kelele, halionyeshwi kwenye televisheni. Mbunge mmoja tu, hata wa upinzani, hata asiyejua kusema mbele ya watu, anaweza kuliandika. Halihitaji kura ya wengi. Faida yake ni kwamba linadai jibu lenye tarehe, lenye kiasi, lenye sahihi ya waziri.

Chukua mfano wa migodi, jambo linaloeleweka vizuri Salamabila penye dhahabu ya Namoya. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa kodi ya madini inayolipwa na kampuni hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi. Mbunge akiuliza kwa nini Kabambare ni masikini wakati ina dhahabu, waziri atatoa hotuba nzuri na watu watapiga makofi. Mbunge akiandika: kwa mwaka fulani, ile asilimia 15 ilikuwa franka ngapi, ilitumwa lini, kwa akaunti ipi, na nani aliipokea, hapo hotuba haitoshi. Ni vilevile kwa barabara ya Kasongo na Kabambare, kwa mishahara ya walimu, kwa dawa katika vituo vya afya.

Na kama wakati wa Vandervelde, mbunge aliye Kinshasa haoni kinachotendeka huku. Anahitaji wabeba habari: shirika la raia, walimu, wauguzi, wachimbaji, wakulima wanaopita kila siku kwenye shimo lilelile la barabara. Barua isemayo watu wanateseka itasomwa na kuwekwa kando. Barua yenye tarehe, mahali, hesabu na karatasi iliyoambatanishwa, hiyo inageuka swali. Chifu Lontulu alifahamu hilo bila kwenda shule: hakuja kulia mbele ya tume, alikuja na vijiti vilivyohesabiwa.

Baada ya kuipeleka, kazi ya raia haijaisha. Mbunge akirudi likizo ya bunge, watu wa Kasongo na Kabambare wana haki ya kumuuliza naye maswali mepesi. Umeandika maswali mangapi? Kwa waziri gani? Alijibu nini? Nakala iko wapi? Vandervelde hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu wa Maniema, kwa sababu mtu wa Maniema hakuwa na kura. Sasa anayo.